Bilauri ya Damu Isiyoganda

Mwaka 1916, mjini Baltimore nchini Marekani, Jay McLean, mwanafunzi wa utabibu aliyekuwa akichunguza vitu vya kuigandisha damu, alipata katika ini la mbwa kitu kilichofanya kinyume cha muradi wake. Na kwa masimulizi yake mwenyewe, alimwendea ustadhi wake, William Howell, akamwekea mezani bilauri ya damu ya paka iliyotiwa kitu kile, akamwomba amwarifu itakapoganda. Haikuganda kamwe. Ndiyo asili ya heparini, dawa ambayo hata leo hutiwa mishipani mwa wagonjwa.

Leo wanafunzi wengi wa utabibu wa Marekani hutafiti kwa sababu nyingine: kushindania nafasi za ubingwa. Utaratibu wa kitaifa wa huko wa kuwagawa wahitimu wa utabibu kwenye hospitali za kuwafunza ubingwa ulianza 1952. Na tangu 2022, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ulipoacha kutoa alama ukabakiza kufaulu au kufeli tu, makala za utafiti zimezidi kuwa mizani ya mwombaji, hata wako waahirishao masomo mwaka mzima ili waandike. Tamaa hiyo siilaumu (McLean naye alitamani kuonyesha uwezo wake), ila pupa ya kuhesabu makala huzaa aghalabu maandishi yasiyosomwa na mtu. McLean alikuwa na swali moja, na mwaka mmoja wa kulijibu.