Kadi Moja, Majina Mengi

Mwaka 1983, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipotoa toleo la 4.2BSD la Unix, kadi ya mtandao iliitwa kwa jina la kiendeshi chake na namba. Kadi ya Interlan ilikuwa il0, ya 3Com ec0, na kifaa kilichounganisha kompyuta na ARPANET kikawa imp0. Desturi hiyo haijafa. Hadi leo FreeBSD huandika em0 kwa kadi za gigabiti za Intel na re0 kwa za Realtek, na fundi akisoma jina tu anajua kiendeshi kilicho kazini. Ila akiing'oa kadi ya Intel na kuweka ya Realtek, jina nalo huondoka, na kila faili la mipangilio lililolitaja halina budi kuandikwa upya.

Linux ilikata shauri jingine. Ilipoanza kupata uwezo wa mtandao mwaka 1992, kadi zote za Ethernet ziliwekwa chini ya ukoo mmoja, na namba ikafuata zamu ya kugunduliwa: ya kwanza eth0, ya pili eth1. Enzi hizo za kadi za ISA, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilipapasa anwani moja baada ya nyingine ikitafuta kadi, na kupapasa huko kuliweza kuigandisha mashine nzima. Kwa hiyo iliishia kwenye kadi ya kwanza. Mwenye kadi mbili aliandika ether=0,0,eth1 wakati wa kuwasha mashine ili keneli iendelee kutafuta. Ulikuwa usumbufu, lakini majina yalitulia.

Utulivu huo ulivunjika PCI na USB ziliposhamiri na viendeshi vikaanza kupakiwa kwa pamoja. Kadi iliyowahi leo iliweza kuchelewa kesho. Chukua seva yenye kadi mbili: eth0 inatazama intaneti, eth1 inatazama ofisi, na kanuni za ukuta wa moto zimeandikwa kwa majina hayo. Seva ikizimwa na kuwashwa, majina yakabadilishana, vizuizi vilivyokusudiwa wageni vinawaangukia wenyeji, na upande wa intaneti unapata ruhusa za ofisini. Hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini. Hapo ndipo suala la majina lilipoacha kuwa la mapendeleo, likawa la usalama.

Dawa ya kwanza ilitegemea anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kila kadi. Programu ya udev iliandika kwenye faili la 70-persistent-net.rules kwamba kadi yenye anwani fulani ni eth0 daima. Kwenye mashine ya chuma ilifaa. Kwenye mashine pepe ilileta balaa: nakala mpya ilizaliwa na anwani mpya, lakini faili la zamani lilikuwa limekwisha kuipa kadi nyingine eth0, basi kadi mpya ikawa eth1, na mipangilio ikaendelea kuitafuta eth0 isiyokuwepo. Wasimamizi wengi wa seva walijifunza kulifuta faili hilo kabla ya kunakili mashine.

Kampuni ya Dell ilikuja na biosdevname, iliyoingia Fedora 15 mwaka 2011: em1 kwa kadi iliyo kwenye mazabodi, p3p1 kwa mlango wa kwanza wa kadi iliyo kwenye sloti ya tatu. Januari 2013, toleo la 197 la systemd, mradi unaoibeba udev, likapanua wazo hilo la kufuata mahali. Tangu hapo en ni Ethernet, wl ni mtandao usio na waya, o ni kilichojengwa ndani, p na s ni njia ya PCI na nafasi yake. Keneli yenyewe haikubadili tabia; bado huanza na eth0, kisha udev hubatiza upya. Kwenye kumbukumbu za kuwasha, kadi ya Intel iliyoko 00:19.0 huonekana ikiacha eth0 na kuwa enp0s25. Hiyo 25 si ya kubahatisha: ni 19 ya hesabu ya kumi na sita iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi.

Ahadi ya kutabirika ilitimia nusu. Namba za njia za PCI hugawiwa upya kila mashine inapowashwa, hivyo kadi ya picha ikiongezwa, enp3s0 huweza kuamka ikiwa enp4s0, na seva ya mbali ikapotea mtandaoni. Waliochoka huandika net.ifnames=0 kwenye vigezo vya kuwasha keneli na kurudi kwenye majina ya zamani. Kwa mashine yenye kadi moja, uamuzi huo ni wa busara kabisa.

Ilibaki pingu ya herufi 15, kikomo cha urefu wa jina ndani ya keneli. Linux 5.5, iliyotoka Januari 2020, iliilegeza kwa kuruhusu majina mbadala marefu zaidi. Kadi moja sasa huweza kuitwa kwa mahali ilipo na kwa anwani yake ya MAC kwa wakati mmoja, na amri ya ip hulipokea jina lolote kati ya hayo.