Mwalimu wa Mpira wa Nchi Ndogo: Habari za Igor Angelovski

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni majina haya matatu: Skopje, Angelovski, Pandev. Jina la kwanza ni la mji, na mawili yaliyobaki ni ya watu. Yasomeni pamoja kwa sauti, polepole.

Huenda mmoja wenu atauliza, "Mpira wa miguu una nini na historia?" Swali hilo ni jema. Historia si habari za wafalme na vita tu. Ni habari za watu walivyofanya kazi, walivyoshindwa, na walivyoinuka tena. Leo tutamtazama mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa mpira.

Nchi yenyewe

Makedonia Kaskazini ni nchi ndogo ya Ulaya, kaskazini ya Ugiriki. Haina bahari, na watu wake hawafiki milioni mbili. Mji wake mkuu ni Skopje. Zamani ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Mwaka 1991 watu wake walipiga kura wakachagua kujitawala. Wakati ule nchi iliitwa Makedonia tu. Neno "Kaskazini" liliongezwa mwaka 2019, baada ya kupatana na Ugiriki juu ya jina hilo.

Timu ya taifa ilicheza mchezo wake wa kwanza mwaka 1993, ikaifunga Slovenia mabao 4 kwa 1. Mwanzo huo ulikuwa mzuri, lakini baada yake miaka ilipita mingi. Kila mara mataifa ya Ulaya yalipokutana kwa mashindano makubwa, Makedonia ilibaki nyumbani.

Mchezaji asiyevuma

Igor Angelovski alizaliwa Skopje mwaka 1976. Alicheza mpira kwa miaka mingi, lakini jina lake halikuvuma nje ya nchi. Alipoacha kucheza aligeuka mwalimu wa mpira. Mwaka 2014 aliiongoza timu ya Rabotnički ya Skopje ikachukua ubingwa wa nchi na kikombe pia, vyote katika msimu mmoja. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1937 na wafanyakazi wa reli, na jina lake maana yake ni "ya wafanyakazi".

Mwezi wa Oktoba 2015 alikabidhiwa timu ya taifa. Umri wake ulikuwa miaka 39. Hakupewa nyumba iliyojengwa tayari. Alipewa kiwanja chenye magugu. Timu ilikuwa imetoka kushika mkia katika kundi la mataifa 6, chini hata ya Luxembourg.

Miaka ya kushindwa

Mwaka 2016 ilianza michezo ya kuwania Kombe la Dunia. Angelovski alishindwa mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Katika mmojawapo, timu yake ilikuwa mbele ya Italia kwa mabao 2 kwa 1, hapo Skopje, na mchezo ukikaribia kwisha. Italia ikapata bao moja, kisha jingine dakika za mwisho kabisa. Fikirini uchungu wake! Mwezi wa Machi 2017 Makedonia ilikuwa taifa la 166 katika orodha ya mpira ya dunia.

Mahali pengi mwalimu wa namna hiyo hufukuzwa. Yeye aliachwa aendelee, naye hakukaa bure. Alikuwa amemshawishi Goran Pandev kurudi. Pandev ndiye mchezaji mashuhuri kuliko wote wa nchi ile wakati huo. Mwaka 2010 alikuwa katika timu ya Inter ya Italia iliyochukua ubingwa wa vilabu vya Ulaya. Lakini alikuwa amekwisha kuiacha timu ya taifa. Angelovski alimrudisha mwaka 2016, akamweka pamoja na vijana.

Vijana hao walikuwa wa makabila mbalimbali. Ikumbukwe kwamba mwaka 2001 Wamakedonia na Waalbania wa nchi ile walipigana kwa silaha, hata mapatano yakafanywa mjini Ohrid. Sasa watoto wa pande zote mbili walivaa jezi moja, na pamoja nao Eljif Elmas, kijana wa asili ya Kituruki.

Mabadiliko yakaonekana kidogo kidogo. Mwezi wa Oktoba 2017 walikwenda Italia, mjini Turin, wakatoka sare ya bao 1 kwa 1.

Mlango mdogo

Mwaka 2018 wakuu wa mpira wa Ulaya walianzisha mashindano mapya. Mataifa 55 yaligawanywa katika madaraja manne, na Makedonia ikawekwa daraja la chini kabisa. Wengine wangeona aibu. Lakini kila daraja, hata la chini, liliwekewa nafasi moja ya kuingia katika mashindano ya Ulaya.

Angelovski aliiona nafasi ile akaishika. Kundi lake lilikuwa na Armenia, Gibraltar na Liechtenstein. Alishinda michezo 5 kati ya 6, akawa wa kwanza. Basi zikabaki timu nne za kuwania nafasi moja: Georgia, Belarus, Kosovo na Makedonia Kaskazini.

Ugonjwa wa korona ulichelewesha michezo hiyo. Tarehe 8 Oktoba 2020 waliifunga Kosovo mabao 2 kwa 1. Tarehe 12 Novemba walikwenda Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Uwanja ulikuwa mtupu, kwa sababu watazamaji walikatazwa. Dakika ya 56 Pandev, mwenye umri wa miaka 37, alipeana pasi na wenzake akafunga. Bao likabaki hilo moja. Kwa mara ya kwanza tangu kujitawala, nchi ile ilipata nafasi katika mashindano makubwa.

Mwezi wa Machi 2021, katika kuwania Kombe la Dunia lililofuata, waliifunga Ujerumani mabao 2 kwa 1 nyumbani kwake, mjini Duisburg. Tangu mwaka 2001 Ujerumani ilikuwa haijashindwa katika michezo ya namna hiyo.

Je, alishindwa?

Katika mashindano yenyewe, mwezi wa Juni 2021, timu ilifungwa na Austria 3 kwa 1, na Ukraine 2 kwa 1, na Uholanzi 3 kwa 0. Angelovski akaondoka. Mwalimu aliyemfuata, Blagoja Milevski, aliikuta timu iliyokwisha kuzoea kusimama mbele ya wakubwa. Mwezi wa Machi 2022 iliifunga Italia bao 1 kwa 0 mjini Palermo, na Italia, bingwa wa Ulaya, ikakosa Kombe la Dunia.

Mtu akihesabu michezo mitatu ile tu, atasema Angelovski alishindwa. Lakini kazi ya mtu haipimwi mahali alipofikia tu. Hupimwa pia mahali alipoanzia. Yeye alianza mkiani, akashindwa mara nne mfululizo, asidharau mlango wa chini. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujibu katika madaftari

1. Neno Rabotnički maana yake ni nini?
2. Kwa nini daraja la chini lilikuwa na faida kwa Makedonia?
3. Ikiwa mwalimu ameshindwa mara nne mfululizo, ninyi mngemwacha au mngemfukuza? Toeni sababu.

Kwaherini, hadi somo lijalo.