Kitambaa Kilichochanwa Bungeni

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, na mabishano yaliyozuka hayajaisha hadi leo. Anayeipinga mitumba huiita chakavu, basi. Waingereza nao wana neno lao, shoddy, ambalo hulitupia kila kazi iliyolipuliwa: paa linalovuja, kiatu kinachobanduka soli wiki ya kwanza. Wachache kati yao wanakumbuka kwamba lilikuwa jina la kitambaa, na kwamba waliokitengeneza walikionea fahari.

Kilianzia Batley, mji mdogo wa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1813. Benjamin Law ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuchambua matambara ya sufu, kuchanganya nyuzi zake na sufu mpya, kisha kusokota na kufuma. Samuel Jubb, mtu wa hapohapo, aliiandikia biashara hiyo historia yake mwaka 1860. Wanawake walipanga matambara rangi kwa rangi, wakikata mishono na vifungo. Yaliyosafishwa yalitiwa kwenye mashine yenye pipa la meno ya chuma. Watu waliiita shetani, na kilichotoka humo kikaitwa vumbi la shetani. Waliolivuta walipata homa na kukohoa.

Jina hilo lilifika Bungeni Machi 1842. William Ferrand, mbunge wa Knaresborough, alisimama na kitambaa cha vumbi la shetani mkononi, akakichana vipandevipande mbele ya wenzake kuonyesha kwamba hakifai kitu. Lakini Ferrand alikuwa na ugomvi wake. Wenye viwanda walitaka ushuru wa nafaka ufutwe, yeye aliutetea, na kitambaa kibovu kilikuwa fimbo nzuri ya kuwachapia. Ukweli wa fundi ni mwingine. Sufu iliyochanwa ina nyuzi fupi. Ukiichanganya na sufu mpya ya kutosha, koti linavalika miaka. Ukiibania sufu mpya, linamumunyuka. Mwenye kosa ni aliyebania, wala si tambara.

Pigo kubwa lilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, wenye tenda waliwauzia askari wa Kaskazini sare za shoddy zilizofumuka kwa mvua na kwa mwendo. Hasira ikawashukia matajiri wapya wa vita, wakabandikwa jina la kitambaa hicho, na tangu hapo likawa tusi la kitu chochote kibovu, kama sisi tulivyolitoa neno kuchakachua kwenye mafuta tukalipeleka kwenye kura.

Viwanda vya Yorkshire vilififia katika karne ya 20, na kazi ikahamia Panipat, India. Kinachoniuma ni kwamba leo maduka ya Ulaya yanauza koti la sufu iliyorejelezwa kwa bei ya juu, tena kwa majivuno, huku jina ambalo watu wa Batley waliipa kazi hiyohiyo likibaki tusi.

Panipat hutoka pia mablanketi ya msaada wanayogawiwa wakimbizi, hata huku Afrika. Shika moja, ulisogeze karibu na macho. Kwa mbali ni la kijivu. Kwa karibu lina chembe nyekundu, buluu na kijani, mabaki ya masweta ya watu.