Kesha la Munyonyo



Pale Getsemani Bwana wetu aliwaasa mitume wakeshe na kusali, wao wakalala. Saa ya jaribu ilipofika, wakakimbia. Historia ya Kanisa nchini Uganda yatuonyesha vijana waliokesha.

Novemba 1882 Padre Lourdel na wamisionari wenzake waliondoka Buganda, wakavuka ziwa hadi Bukumbi. Mpaka Julai 1885 Wakristo wale wachanga hawakuwa na padre, Misa wala kitubio. Walibaki na sala. Kisha Kabaka Mwanga alipotawala, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakinga vijana wa ikulu dhidi ya matakwa yake machafu, akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga, aliyebatizwa siku hiyohiyo, akashika nafasi yake.

Usiku wa tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, walikesha wakisali, na Lwanga akawabatiza wakatekumeni kadhaa, akiwemo Kizito mdogo. Kulipokucha Kabaka aliamuru wanaosali wasimame kando. Wakajitenga bila kusita. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, Lwanga na wenzake wengi walichomwa moto Namugongo.

Ndugu zangu, ujasiri wa asubuhi ile haukuzaliwa asubuhi ile. Ulikuwa akiba ya miaka ya sala isiyoonekana na watu. Nasi tusingoje jaribu libishe hodi ndipo tuitafute rozari.

Tumsifu Yesu Kristo.