Virusi vya barua pepe na maonyo ya uzushi: Jinsi ya kukinga tarakilishi ya nyumbani

MNAMO Mei 4, 2000, watu katika nchi nyingi duniani walifungua tarakilishi zao wakakuta barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani nakupenda. Barua hiyo haikutoka kwa mgeni. Ilitoka kwa mkubwa wa kazi, binamu, jirani au mteja, mtu ambaye jina lake lilifahamika na kuaminika.

Pamoja nayo kulikuwa na kiambatisho kilichoonekana kuwa maandishi matupu. Jina lake kamili lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini mfumo wa Windows una desturi ya kuficha herufi za mwisho za majina ya faili. Mpokeaji aliiona .TXT, ambayo ni alama ya maandishi ya kawaida. Hakuiona .vbs, alama ya programu yenye uwezo wa kuiamuru tarakilishi ifanye kazi.

Aliyekifungua kiambatisho hicho alipoteza picha zilizokuwa katika diski yake, kwani programu hiyo ilijiandika juu yake. Kisha ikajituma kwa kila anwani iliyohifadhiwa katika Outlook, ikitumia jina la mwenye tarakilishi. Bunge la Uingereza lililazimika kuzima mfumo wake wa barua pepe kwa muda. Wapelelezi waliifuata asili yake hadi Manila, Ufilipino, wakamshuku kijana Onel de Guzman. Mashtaka yaliondolewa Agosti mwaka huo huo kwa sababu nchi hiyo haikuwa na sheria ya kuadhibu kosa la namna hiyo wakati lilipotendeka. Miaka 20 baadaye, de Guzman alikiri kwa mwanahabari mmoja wa Uingereza kwamba ndiye aliyeiunda.

Kisa hicho kinaeleza kiini cha tatizo lenyewe. Kirusi cha tarakilishi ni programu kama programu nyingine, ila kimeandikwa ili kidhuru na kujieneza. Hakiingii nyumbani kwa upepo. Ama mtu amekifungulia mlango kwa mkono wake, ama kimepenya katika dosari ya programu ambayo mwenyewe hakuiziba. Katika barua pepe, mkono wa mtu ndio unaotumiwa zaidi, na kinachousukuma ni imani na haraka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mbinu ya kutumia jina la mtu anayejulikana ilikuwapo hata kabla ya hapo. Machi 1999, kirusi kilichoitwa Melissa kilijificha katika faili za Word na kujituma kwa anwani 50 za kwanza katika Outlook ya kila aliyeifungua faili hiyo. Mbinu hiyo haijafa. Emotet, programu hasidi iliyoanza kuonekana mwaka wa 2014, ilifikia hatua ya kuiba mazungumzo ya barua pepe na kuyajibu, hivi kwamba mpokeaji alidhani anaendelea na mazungumzo aliyoyaanza mwenyewe. Polisi wa nchi kadhaa waliuvunja mtandao wake Januari 2021, lakini ulirejea kabla ya mwaka huo kwisha.

Uongo unaoharibu kama kirusi

Kuna hatari ya pili ambayo haihitaji programu yoyote. Hii ni barua ya onyo la uzushi, inayodai kwamba kuna kirusi kipya cha kutisha na kumsihi msomaji awajulishe jamaa na marafiki wote.

Mwaka wa 1994 lilienea onyo kwamba barua yenye kichwa Good Times ingefuta diski ya yeyote atakayeisoma. Kirusi hicho hakikuwapo. Kilichokuwapo ni onyo lenyewe, lililopita kutoka mkono hadi mkono kwa miaka kadhaa.

Mwaka wa 2002 ukaja uzushi wenye madhara zaidi. Watumiaji waliambiwa watafute faili iitwayo jdbgmgr.exe, yenye picha ndogo ya dubu, na waifute mara moja kwa kuwa programu za kukinga virusi hazikuweza kuitambua. Wengi waliitafuta, wakaiona, na kuiona kukawa ushahidi tosha kwao. Walakini faili hiyo ilikuwa sehemu halali ya Windows, na ndiyo sababu ilipatikana katika tarakilishi nyingi. Mwaka uliotangulia, watu walidanganywa vivyo hivyo kuhusu faili ya sulfnbk.exe. Katika visa hivyo viwili, mtumiaji ndiye aliyefanya kazi ya kirusi: alifuta faili za mashine yake mwenyewe, kisha akawaambukiza wenzake uongo huo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mmoja akiwatumia watu kumi, na kila mmoja wao akiwatumia wengine kumi, hatua ya sita itawafikia watu milioni moja. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi na makundi ya WhatsApp. Aprili 2020 kampuni hiyo iliamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati.

Onyo la uzushi lina dalili zake. Humhimiza msomaji alitume kwa kila amjuaye. Hutaja kampuni kubwa kama Microsoft au IBM bila kuonyesha mahali kampuni hiyo ilipotoa taarifa. Husema "jana" au "leo asubuhi" pasipo tarehe, ndiposa laweza kuzunguka miaka mitano likionekana jipya. Aghalabu hudai kwamba hakuna tiba. Onyo la kweli hutolewa katika tovuti ya kampuni au taasisi inayohusika, huwa na tarehe, na hueleza hatua za kuchukua.

Anayelipokea na atafute katika mtandao maneno machache ya onyo hilo au jina la faili linalotajwa. Likibainika kuwa uongo, lifutwe, na aliyelituma aarifiwe faraghani kwa staha, kwa maana mara nyingi alikuwa na nia njema.

Kinga za nyumbani

Tarakilishi moja ya nyumbani hubeba mengi: hesabu za biashara ya mama, kazi za shule za watoto, stakabadhi za kodi za KRA, na picha za harusi na matanga ambazo haziwezi kupigwa upya. Kuilinda hakuhitaji ufundi mkubwa.

Kwanza, programu zisasishwe. Novemba 1999 kirusi cha BubbleBoy kilionyesha kwamba barua yaweza kudhuru kwa kusomwa tu, bila kiambatisho kufunguliwa. Hata hivyo, Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya dosari hiyo miezi kadhaa mapema. Waliobaki hatarini ni wale ambao hawakuyaweka. Kwa sababu iyo hiyo, anayetumia Windows 10 akumbuke kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Asipojiandikisha kwa masasisho ya ziada au kuhamia mfumo mpya, dosari zitakazogunduliwa zitabaki wazi kwake.

Pili, iwepo programu moja ya kukinga virusi, nayo iwe hai. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender. Programu ya kulipiwa ambayo muda wake umekwisha ni kama mlinzi aliyelala langoni, na mbili zikiwekwa pamoja huweza kugongana.

Tatu, Windows iamriwe ionyeshe majina kamili ya faili. Mpangilio huo hupatikana katika dirisha la kuvinjari faili, chini ya menyu ya mwonekano. Picha au ankara haipaswi kuishia kwa .exe, .vbs, .js, .scr wala .bat.

Nne, kila kiambatisho kisichotarajiwa kisubiri. Jina la mtumaji si thibitisho, kwa sababu anwani huweza kughushiwa na akaunti huweza kutekwa. Simu ya dakika moja kwa anayedaiwa kuituma barua hiyo hutosha. Swali si "namjua?" bali "amenitumia?" Tahadhari iyo hiyo inahusu viungo vinavyompeleka mtu kwenye ukurasa wa kuandika nenosiri la benki au la barua pepe, ni salama zaidi kuiandika anwani ya tovuti hiyo mwenyewe.

Tano, hati ya Word au Excel isiruhusiwe kuendesha makro, yaani amri zilizofichwa ndani yake. Tangu mwaka wa 2022 Microsoft huzizuia kwa kawaida makro za faili zilizotoka katika intaneti. Hati inayomwelekeza msomaji namna ya kuondoa kizuizi hicho ili "aisome vizuri" ina jambo inalolificha.

Sita, na pengine muhimu kuliko yote, ziwekwe nakala za akiba. Programu za kudai fidia hufunga faili kwa msimbo na kumtaka mwenyewe alipe ili afunguliwe. Huweza pia kufunga faili zilizo katika diski nyingine iliyounganishwa wakati huo. Kwa hivyo diski ya nje ichomolewe mara tu kazi ya kunakili inapokamilika, na iwekwe kando.

Mambo yakishaharibika

Ikishukiwa kwamba kirusi kimeingia, tarakilishi itenganishwe na intaneti papo hapo, waya au Wi-Fi. Ichunguzwe kwa programu ya kukinga virusi, na manenosiri yabadilishwe kwa kutumia simu au mashine nyingine iliyo salama, kuanzia lile la barua pepe, kwani ndilo ufunguo wa mengine. Marafiki waarifiwe kwa simu wasifungue barua zilizotoka katika anwani hiyo.

Tofauti na Ufilipino ya mwaka wa 2000, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018, ambayo imeifanya hatua ya kuingilia mifumo ya watu bila idhini kuwa kosa la jinai. Visa vyaweza kuripotiwa kwa polisi au kwa kituo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Sheria, hata hivyo, huja baada ya hasara, wala haimrudishii mtu picha zilizofutwa. Kinachotangulia hasara ni ile dakika moja kabla ya kubonyeza, na dakika hiyo iko mikononi mwa kila anayeitumia tarakilishi ya nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Ni vyema basi mafunzo haya yasibaki kwa mwenye nyumba pekee, kwa kuwa faili ya familia nzima yaweza kupotea kwa mbofyo wa mtoto mmoja aliyedhani amepata zawadi.