Ngazi ya Bibi Lemoine

Waulize wakazi wa Rochester, jimbo la New York, lilaki imetoka wapi. Wengi watakujibu Ufaransa. Hapana. Kichaka hiki asili yake ni vilima vya mawe vya Balkani. Waosmani walikipanda katika bustani za Istanbul, na huko ndiko alikokipata Ogier Ghiselin de Busbecq, balozi wa Mfalme Ferdinand wa Kwanza kwa Sultani Suleiman. Aliporejea Vienna mwaka 1562 alikuja nacho, na baadaye akakifikisha Paris. Wataalamu wa mimea wamekiweka ukoo mmoja na mzeituni na asumini, nami mzaliwa wa Tanga sikushangaa hata kidogo: pua ilishaniambia zamani.

Wafaransa wao walikibadilisha sura. Victor Lemoine alikuwa na kitalu mjini Nancy. Jeshi la Prusia lilipouteka mji huo mwaka 1870 biashara ilidorora, naye akageukia kazi ya kuzalisha lilaki mpya. Alikuwa na mche mmoja wa aina ya 'Azurea Plena', wenye maua madogo ya tabaka mbili yasiyotoa chavua. Kupata mbegu kwake ilikuwa taabu. Unapekua ua moja baada ya jingine, unaitafuta sehemu ya kike iliyojificha katikati ya petali, unaipaka chavua iliyotoka kwa mche mwingine, na mwisho wa msimu unavuna mbegu chache tu. Lemoine alikuwa anakaribia miaka hamsini, macho yamefifia, mikono haitulii. Aliyepanda ngazi kuifanya kazi hiyo ni mkewe, Marie Louise.

Vitabu vingi vya bustani husema "Lemoine alizalisha" na kupita. Alizalisha na nani? Familia ile ilitoa aina zaidi ya 200 kabla ya kitalu kufungwa mwaka 1955, na baadhi zikapewa majina ya wakubwa: 'Président Grévy', 'Maréchal Foch'. Nyeupe iliyotoka mwaka 1890 ndiyo ikaitwa 'Madame Lemoine'. Angalau.

Hapa Rochester mambo yalianza mwaka 1892, John Dunbar alipopanda aina 20 za lilaki katika Highland Park, kwenye ardhi iliyotolewa na wenye kitalu wawili, Ellwanger na Barry. Jumapili moja ya Mei 1898 watu wapatao 3,000 walifika kuzitazama, bila mtu kuwaalika. Tamasha la kila mwaka limetokana na matembezi hayo.

Mimi kazi yangu ni kupogoa katika bustani za watu, na malalamiko ninayoyasikia ni yale yale: lilaki ina majani tele, haina ua. Mara nyingi mkosaji ni mkasi wa Oktoba. Vichomozo vya maua ya mwakani hufanyika kiangazi, muda mfupi baada ya maua ya mwaka huu kunyauka. Kwa hiyo anayepogoa majani yakianza kupukutika anayakata maua kabla hayajazaliwa. Pogoa mara maua yanapokwisha, si baada ya hapo. Kichaka kikongwe usikifyeke chote: toa theluthi ya mashina mazee kila mwaka kwa miaka mitatu. Kipe jua saa sita au zaidi kwa siku, na udongo usiotuamisha maji wala kuwa na tindikali nyingi. Ndugu zangu wa pwani msijisumbue. Bila baridi kali lilaki haichanui.

Ukienda kununua, chukua 'Madame Lemoine', na uulize kama mche umeoteshwa kwa mizizi yake wenyewe. Uliounganishwa kwenye shina la mti mwingine hutoa machipukizi kutoka chini, na usipoyang'oa kila mwaka yataumeza, ubaki na kichaka usichokinunua.