Njia Iliyoota Nyasi

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, niliongoza kikundi kimoja cha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya namna hiyo Tanzania Bara. Kwa majuma 12 tulisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, tukasoma kitabu, tukajadili malaria, kuhara, safura na kichocho, kisha tukaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa wingi ajabu.

Kampeni ilipokwisha nilikabidhiwa elimu ya afya shuleni kwetu. Nikapanga kama nilivyoona: masomo, nyimbo, vyoo vipya na mtihani. Karibu watoto wote walifaulu. Nikaandika taarifa kwa wakubwa nikitaja idadi ya mashimo na alama za wanafunzi. Nilisifiwa.

Siku moja mlinzi wetu, mzee asiyejua kusoma, aliniambia, "Mwalimu, vyoo umevihesabu. Je, njia umeitazama?" Akanipeleka nyuma ya madarasa. Njia ya kwenda choo cha wavulana ilikuwa imekanyagwa ikang'aa. Ya wasichana ilikuwa imeota nyasi. Pazia la gunia mlangoni lilikuwa limeoza, na wasichana, kwa kuona haya, walikuwa wakienda vichakani. Maji ya kunawa hayakuwapo kabisa. Na hao ndio waliokuwa wameandika kwa mwandiko mzuri kwamba mikono inawwe kila mtu atokapo chooni.

Watoto hawakuwa wameshindwa somo. Mimi ndiye niliyepima kile walichokijua, nikaacha kutazama walichokuwa wakikitenda na kilichowazuia.

Baadaye nilikuja kufahamu kuwa waliotathmini Mtu ni Afya hawakutosheka na maswali. Waliwapima watu kabla ya masomo na baada yake, tena wakazitembelea nyumba katika vijiji kadhaa kutazama vyoo na mazingira, mara ya kwanza kabla ya kampeni na mara ya pili baada yake. Bila ile safari ya kwanza, ya pili ingewaambia nini?

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwafundisha vijana wangu mambo matatu. Kabla ya kupanga, nenda ukaone watu wanafanya nini sasa. Uliza ni nini kinachowazuia kufanya lililo bora, kwani huenda ni gunia tu wala si ujinga. Kisha, miezi sita baada ya sherehe za ufunguzi, rudi bila kupiga hodi ukatazame njia.

Tulishona pazia jipya juma lile lile, na kila darasa likapewa zamu ya kuteka maji. Nyasi zilitoweka kabla ya muhula kwisha. Lakini ile taarifa yangu sikuirekebisha kamwe, niliona aibu. Nimestaafu, na bado hunijia usiku.